Dakika za Nyongeza

Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi Jumapili ile, lakini si kumkuta mwanamume mwingine amekalia kiti chake.

Kiti chenyewe hakikuwa chake kwa haki yoyote. Kilikuwa kiti cha mezani tu, nyumbani kwa mama yake Sista, mguu mmoja umefungwa waya. Ila tangu Sista, muuguzi na mchumba wake, aanze kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa kwenda kufanya kazi ng'ambo, kila Jumapili alasiri Kinyozi alikaa hapo hapo, upande wa dirisha, simu mkononi, akimshikia saa. Leo kiti kilikuwa na mtu, tena mtu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na kalamu nyekundu mfukoni.

"Karibu, kijana," Mama alisema kutoka kwenye kochi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Vuta stuli ya jikoni ukae. Mgeni huyu nimemwalika mimi. Nimeona ni vizuri mwalimu amwone mwanafunzi wake akiwa kazini, siyo kila siku kuletewa makaratasi tu."

Mgeni aliinuka nusu, akatoa mkono. Alikuwa mfamasia wa hospitali ile ile aliyofanyia kazi Sista, na mkono wake ulikuwa laini kama wa mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko chupa ya dawa. Kinyozi aliubana zaidi ya adabu inavyoruhusu.

Hawakuwahi kukutana, lakini Kinyozi alimjua kwa wino. Kila Jumatatu Sista alipeleka insha zake pale kwenye dirisha la dawa, na siku ya pili zilirudi zimejaa maandishi mekundu pembeni, maneno ya Kiingereza yaliyomfanya Sista acheke peke yake akiyasoma. "Kasema nini?" Kinyozi alimuuliza siku moja. "Aa, utani wa sarufi tu," Sista alijibu. "Ukitafsiriwa hauchekeshi." Tangu siku hiyo mtu yule alipewa jina moyoni mwa Kinyozi. Aliitwa Kalamu Nyekundu, na alichukiwa kimya kimya, kwa bidii.

Usimcheke Kinyozi. Kiingereza chake kilianzia kwenye majina ya mitindo ya nywele na kuishia papo hapo. Mwanamume anaweza kuvumilia mengi, lakini kumwona mwanamke wake anachekeshwa kwa lugha asiyoielewa ni sawa na kufungiwa nje ya mlango wa nyumba yako huku ukisikia wenzako wanakula ndani.

Sista alitoka chumbani na karatasi zake, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku wodi ya watoto na amelala saa chache tu, uso ukaonyesha. Alimwona Kinyozi juu ya stuli, akamwona Kalamu Nyekundu kwenye kiti, akaelewa yote kwa mara moja.

"Umekuja," alimwambia Kinyozi. Lilikuwa neno moja tu, lakini alilisema akimtazama machoni, na Kinyozi alilipokea kama mtu mwenye njaa.

"Nimekuja."

"Tuanze basi," Kalamu Nyekundu alisema, akafungua karatasi aliyoikunja. "Swali la kwanza, la kueleza mchoro wa takwimu, tutaliacha leo, unaliweza. Tufanye insha. Swali nimelichagua mwenyewe."

Sista alilisoma, kisha akaligeuza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Wapo wanaosema kijana anayekwenda kufanya kazi mbali na kwao hupata maisha bora kuliko anayebaki. Unakubaliana nao kwa kiasi gani?"

Kinyozi alimtazama Kalamu Nyekundu. Kalamu Nyekundu alitazama dari.

"Ni swali la kawaida sana," alisema. "Linaweza kabisa kutoka kwenye mtihani wa Jumamosi."

"Mimi naliona zuri," Mama alisema. "Anayebaki anapata nini? Anabaki kunyoa vichwa vile vile mpaka vinaota mvi."

"Mama."

"Nimesema vichwa. Sikumtaja mtu."

Sista alivuta pumzi. "Sheria mnazijua. Saa ikianza, hakuna kusema. Hata wewe, Mama." Kisha akamgeukia Kinyozi. "Weka."

Kinyozi aliweka. Kalamu ikagusa karatasi, nyumba ikanyamaza.

Hapa lazima nikwambie jambo ambalo Sista hakulijua. Mara ya kwanza alipofanya mtihani ule, alifaulu kusikiliza, alifaulu kusoma, kuongea ndiyo usiseme, lakini kuandika kulimwangusha. Muda ulikwisha insha ikiwa haina mkia. Akaanza kufanya mazoezi nyumbani, dakika arobaini za insha, na Jumapili ya pili saa ilipolia akiwa katikati ya aya ya mwisho, alilaza kichwa mezani akalia kama mtoto. Kinyozi hakuweza kustahimili. Jumapili iliyofuata aliweka dakika arobaini na tatu. Sista alimaliza, akaruka, akamkumbatia mbele ya mama yake. Baada ya hapo zikawa arobaini na tano. Leo simu ilihesabu arobaini na saba.

Mwanzoni ilikuwa huruma. Baadaye ilikuwa kitu kingine, na Kinyozi alikuwa hajakipa jina.

Basi wakakaa. Sista aliandika ameinamisha shingo, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na Kinyozi, ambaye kazi yake ni kutazama shingo za watu kutwa nzima, hakuwahi kuona shingo iliyomtesa kama ile. Alitaka kuitazama kwa nafasi yake kama Jumapili nyingine zote. Lakini kila alipoitazama, aliona na macho ya mwenzake yapo pale pale.

Labda yalikuwa yanasoma karatasi, kwa kuwa karatasi na shingo vilikuwa upande mmoja. Kinyozi alijiambia hivyo mara kadhaa na hakujiamini hata mara moja.

Katikati ya insha Sista alisita. Aliinua kichwa, akamtazama Kalamu Nyekundu, na Kalamu Nyekundu akatikisa kidole polepole, kama kusema siwezi kukusaidia. Sista akatabasamu. Ilikuwa siri ya watu wawili, ya maneno na koma na vitu asivyovijua Kinyozi, na Kinyozi akaigeuza simu uso chini kisha juu, maana kusema ni marufuku. Mama, kutoka kwenye kochi, aliona kila kitu, akaendelea kufuma kitambaa chake kwa raha zote.

Hawa wawili watapanda ndege moja, Kinyozi aliwaza. Huyu ameshafaulu, anangoja viza. Atampokea huko, atamwonyesha duka lilipo na basi linapopita. Baridi itamwingia Sista, yeye atakuwa na koti la ziada. Na mimi nitakuwa hapa, nanyoa, namtumia ujumbe wa habari za asubuhi wakati huko ni usiku.

Dakika ya arobaini ilipita. Aliiona ikipita. Alikuwa na nafasi ya kusema muda umekwisha, mambo yakaishia hapo. Ila Sista alikuwa bado anakimbiza mistari, na Kinyozi hakutaka yule mtu aone mchumba wake akishindwa. Hakutaka pia ashinde. Simu ikaendelea, naye akaiacha.

Ilipolia, Sista alikuwa ameweka nukta ya mwisho. Alitupa kalamu juu akaidaka. "Nimemaliza. Tena nimepata na muda wa kupitia mistari ya juu."

Mama alipiga makofi. Kinyozi alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Kalamu Nyekundu alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anaitazama saa yake.

"Samahani," alisema. "Tulianza saa ngapi?"

"Saa kumi kamili," Mama alisema. "Redio ya jirani ilikuwa inaanza taarifa ya habari."

"Ndiyo. Na mimi niliangalia." Alikohoa. Kumtendea haki, hakuonekana kufurahi. "Sasa hivi ni saa kumi na dakika arobaini na saba."

Wote wakageukia simu mkononi mwa Kinyozi.

"Labda saa yako inakwenda mbele, kaka," Sista alisema.

Neno hilo, kaka, lilimfikia Kinyozi likampoza kidogo, kisha likamchoma zaidi, kwa sababu Sista alikuwa anamtetea. Alinyoosha mkono. "Nipe simu, mpenzi, nimwonyeshe."

Kinyozi hakuitoa.

"Nipe."

Akampa. Sista aliitazama. Namba aliyoiweka Kinyozi ilikuwa bado pale kwenye kioo, haina aibu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko namba mbili zinavyohitaji.

"Nilijua tu," Mama alisema, akaweka kitambaa chini. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Huyu hataki mtoto wangu aondoke. Mwenzake ana pasipoti, yeye ana mashine ya kunyolea, na mashine haina viza. Mwalimu, kuanzia leo saa utashika wewe."

"Mimi sina tabu," Kalamu Nyekundu alisema taratibu. "Kama Sista mwenyewe atataka."

"Kaka, nakushukuru kwa kuja," Sista alisema bila kumtazama. "Insha nitakuletea kesho kazini. Mama, naomba umsindikize mgeni mpaka barabarani."

"Mimi nisindikize?"

"Tafadhali, Mama. Polepole."

Mama alifungua mdomo, akaona uso wa binti yake, akaufunga. Alichukua mtandio wake. Mlangoni alimkata Kinyozi jicho la kummaliza, kisha wakatoka wawili, na mlango ukarudishwa.

Sista hakupiga kelele. Kinyozi angependa apige kelele.

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Baada ya ile Jumapili uliyolia."

"Na nilivyoruka siku ile, nikakukumbatia, ulikuwa unanicheka moyoni?"

"Nilikuwa na furaha kuliko wewe. Nakuapia."

"Usiape." Alikaa, akashika kichwa. "Wiki zote hizi nimetembea hospitali nzima najisifu. Nimewaambia wenzangu wodini kwamba sasa ninaiva. Jumamosi ningeingia kwenye kile chumba kichwa juu, nikaandika kwa mwendo wangu wa hapa, halafu msimamizi akanipokonya karatasi insha yangu ikiwa nusu. Ungekuwa umekaa nje unanisubiri, siyo?"

"Ndiyo."

"Na ningelia, ungenibembeleza."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshaiona picha ile, wikendi nyingi, akiwa peke yake kibandani kwake pa kunyolea, mbele ya kioo. Sista analia begani kwake, naye anamwambia basi, usijali, kuna mwaka kesho. Na katika picha ile hakukuwa na ndege.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Sista alisema. "Wewe. Mtu niliyemwamini mpaka sikuwahi kutazama saa ya ukutani."

"Ilianza kwa huruma."

"Nakubali. Huruma iliisha lini?"

Hapo Kinyozi angeweza kudanganya. Uongo ulikuwepo karibu, mzuri, umeshapigwa pasi. Lakini alikuwa amechoka, na wivu ukikaa sana ndani ya mtu humchosha kuliko kazi.

"Alipoanza kukuchekesha," alisema.

Sista aliinua uso. "Nani?"

"Huyo wa kalamu nyekundu. Ulirudi na karatasi zako unacheka, nikakuuliza, ukaniambia hauchekeshi ukitafsiriwa. Nikaona basi, huko unakokwenda utacheka hivyo kila siku, na mimi nitabaki nauliza kasema nini. Nikaongeza dakika mbili. Nilijua ninachofanya. Nilijua utashindwa, na nilijua ukishindwa utabaki."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Sista alisimama akaenda dirishani. Nje, mama yake alikuwa bado njiani na mgeni, anamwonyesha kitu kwa mkono, bila shaka uzuri wa nyumba au wa binti. Kinyozi alimwona Sista akiwatazama wale wawili, na hata pale, katikati ya aibu yake yote, roho ilimuuma kwamba anawatazama.

"Unajua aliandika nini siku ile?" Sista aliuliza bila kugeuka. "Niliandika kwamba wagonjwa wanahitaji chakula na mwenzi wa ndoa. Nilitaka kuandika nyama, lakini kwa Kiingereza herufi za nyama zikipishana linakuwa neno la mwenzi, na mkono ukateleza, usingizi wa zamu. Akaniuliza pembeni kama hospitali yetu imeanza kutoa huduma hiyo, maana ana dada yake hajaolewa. Ndicho nilichokuwa nacheka."

Kinyozi nusura acheke. Utani wenyewe ulichekesha.

"Sasa mbona hukunitafsiria?"

"Kwa sababu nilikuwa nimechoka, na nilidhani wewe si mtu wa kutafsiriwa kila kicheko." Aligeuka. Machoni mlikuwa na maji lakini sauti ilikuwa kavu. "Kosa langu hilo. Ila langu ni dogo. Wewe ulitaka nibaki. Ungeniambia kwa mdomo, ningekujibu kwa mdomo. Wewe umeniambia kwa saa."

"Ningekuambia, ungesema nini?"

"Hutajua, kwa sababu hukusema."

Kinyozi alipiga moyo konde. Alisimama, akasogea mpaka meza tu ikawa kati yao. "Basi nasema leo. Sitaki uende. Nikifikiria uwanja wa ndege usingizi unaniruka. Namwonea wivu yule mtu, nawaonea wivu wagonjwa wa huko ambao hata hawajaugua. Sitaki. Nimesema kwa mdomo."

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo Kinyozi hakulitegemea. Alinyoosha mkono juu ya meza, akamfuta jasho la paji la uso kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia watoto wa wodini.

"Nimesikia," alisema. "Na mimi nakujibu. Nakupenda, na nikifaulu naenda. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta jingine. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa rahisi. Huenda tutashindwa. Huenda utachoka kunisubiri ukaoa binti mmoja mwenye nywele nzuri anayekuja pale kibandani kwako kila wiki kuchongwa nyusi, yule unayemwambia akae vizuri huku umemshika kidevu."

"Yupi?"

"Unamjua. Unadhani ni wewe peke yako mwenye macho?"

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Kinyozi kusikia kwamba na yeye anaonewa wivu, na ubaya wa moyo wa binadamu ni huu, alifurahi.

Furaha haikudumu. Sista alikuwa ameshakaa, ameshavuta karatasi mpya.

"Mtihani ni Jumamosi. Nimebaki na siku chache za kujifunza mwendo wangu halisi, na umeniharibia wiki nyingi. Sitaki pole yako. Nataka saa. Utanishikia kwa haki, au nitoke nje nimwite yule arudi? Bado hajafika mbali."

Kinyozi alikaa. Hakukaa kwenye stuli, alikalia kiti chake. "Arobaini," alisema.

"Swali lile lile. Nitaanza upya, ile ya kwanza siihesabu."

"Arobaini kamili. Anza."

Sista aliandika tofauti. Jumapili nyingine zote aliandika kama mtu anayetembea na rafiki. Sasa aliandika kama anayekimbizwa, akikata maneno, akiruka, akinung'unika kwa pumzi. Mama alirudi, akafungua mlango, akamkuta binti yake ameinama na Kinyozi ameshika simu kwa mikono miwili, wote wawili wana nyuso za msibani. Alitaka kusema. Akakumbuka sheria, akapita kwa ncha za vidole mpaka chumbani.

Kinyozi hakumtazama Sista shingoni. Alitazama namba zikipungua, na kila iliyoondoka aliihisi. Nusu ilipita. Robo ikabaki. Alijua vizuri anachofanya, kama alivyojua siku zile alipofanya kinyume chake. Alikuwa anamfundisha kuondoka. Kila Sista alivyozidi kuzoea mwendo huu wa kweli, ndivyo alivyozidi kusogea kwenye ule mlango wa vioo wa uwanja wa ndege, na anayemsukuma ni yeye, kwa mkono wake, bila kulipwa hata kicheko.

Aya ya mwisho. Sista aliinua macho mara moja, si kwa yeyote, kwa ukuta. Akainama tena. Alifika mstari wa mwisho, akaandika nusu yake.

Simu ililia.

"Muda umekwisha," Kinyozi alisema.

"Neno moja." Kalamu ilikuwa bado inatembea.

"Kalamu chini."

"Neno moja tu, mpenzi. Limebaki moja."

Alimwita mpenzi, kwa sauti ile ile ambayo kwa wiki zote zile ingemfanya ampe dakika, ampe saa nzima, ampe kibanda na kila kilichomo. Kinyozi aliweka kiganja juu ya karatasi, akaivuta polepole kutoka chini ya mkono wake, na wino wa herufi ya mwisho ukaburuzika mpaka pembeni.

Sista alibaki na kalamu hewani. Alimtazama. Machozi yalishuka, na Kinyozi hakuinuka kuyafuta, ingawa mwili mzima ulimwambia ainuke.

"Hukuniongezea hata kidogo," Sista alisema.

"Hata kidogo."

Akafuta uso kwa nyuma ya mkono, akavuta karatasi nyingine, akainyoosha.

"Weka tena," alisema.

Kinyozi, roho ikimuuma vilevile kama alivyoingia, aliweka arobaini, akabonyeza.